Koti Jeusi la Mhariri

Usiku ule dhoruba ilipoikuta mashua ya mwanangu Torgils nje ya pwani yetu ya Finnmark, nilingoja habari kwenye benchi, mlangoni pa mhariri wa gazeti letu. Miaka ishirini nimemwona akifanya kazi na soksi za sufu, akitafuna penseli, akifuta maneno ya mbwembwe hadi waandishi wake wananuna. Mlango wake huwa wazi. Huufunga tu anapozungumza na waokoaji. Wala hachapi jina la aliyezama kabla hajavaa koti lake jeusi na kwenda mwenyewe kubisha kwa mama wa marehemu. Sisi wanawake wa hapa tunalijua koti lile kuliko uso wake.

Oddvar, mpiga chapa, alipanda ngazi akifoka. “Mzee, mtambo umelala masaa mawili! Ukurasa wa kwanza mtupu, tuuze nini?”

“Uza hivyo hivyo,” sauti ilijibu ndani. “Si mnafungia samaki tu?”

Kisha nikasikia simu ikiwekwa chini. Mlango ukafunguka. Alisimama na soksi zake, macho mekundu, mikono ya shati imekunjwa. Nyuma yake, koti lilikuwa bado msumarini.