Sisi Ngapi

Mume wangu alikuwa bwana shamba na mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili. Tulikaa Tumbi, katika nyumba ya serikali yenye vyumba viwili na mpapai mlangoni, miaka ile vijiji vya ujamaa vilipokuwa vinapangwa na kila ofisa alitakiwa aonekane vijijini, si mezani. Mume wangu alipewa mikorosho ya Kisarawe. Alikwenda kila wiki, mara kwa lori la mtu, mara kwa baiskeli, akarudi na mchanga ndani ya soksi na habari za bibi maendeleo.

Huyo bibi maendeleo alikuwa mtumishi mwenzake kule, kazi yake kuwafundisha akina mama lishe na usafi. Sikuwa nimemwona. Nilimjua kwa kusimuliwa tu, na nilisimuliwa sana. Bibi maendeleo amewafundisha wanawake kujenga majiko ya udongo, ungeona! Bibi maendeleo akihutubia mkutano hata wazee wanaacha kusinzia. Uji wa bibi maendeleo una karanga. Hapo niliweka kikombe chini. Mimi pia natia karanga kwenye uji, nilikuwa natia tangu ananichumbia, na hakuna kijiji kilichopewa taarifa.

Nilikuwa na wivu. Nasema waziwazi maana watu wanapenda kuuita wivu majina mengine, mara wasiwasi, mara kujali. Wangu ulikuwa wivu, ulilala nami na kuamka nami, na ulinisaidia kusahihisha madaftari kwa ukali. Nilikwenda kijijini Janga kumweleza mama yangu, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa jembe na swala tano. Alinisikiliza huku anamenya muhogo.

"Mwanangu, dalili ya mvua ni mawingu," akasema. "Lakini usitembee umefungua mwavuli kwenye jua. Watu watakucheka."

Nikarudi Tumbi na mwavuli wangu moyoni.

Ndipo ofisi ikamruhusu mume wangu anunue pikipiki kwa kukatwa mshahara. Siku aliyoniletea habari hizo hakukaa chini. Alizunguka sebuleni akipinda viganja kama ameshika mikono ya pikipiki. Alikuwa ameshafika dukani, Dar es Salaam, na kule duka lilikuwa na za aina mbili zinazofaa njia mbaya. Moja ilikuwa ndogo, injini hamsini. Nyingine injini mia na ishirini na tano.

"Hamsini ni ya karani," akasema. "Kisarawe ni milima, Mwalimu." Aliniita hivyo akitaka kitu. "Mvua ikinyesha ni utelezi, isiponyesha ni mchanga. Hamsini italia mpaka watu watoke majumbani kuangalia nani amefiwa. Ile mia na ishirini na tano unaiweka gia ya kwanza, inapanda taratibu, haina habari."

Nikamuuliza zinatofautiana nini kwa umbo. Akajibu bila kufikiri, maskini, kwa kuwa alikuwa anaziona mbele ya macho yake. Ndogo ina kiti kifupi cha mtu mmoja, nyuma yake keria ya chuma ya kufungia mzigo. Kubwa ina kiti kirefu, na kule chini ina vikanyagio vya abiria.

Vikanyagio vya abiria! Tangu hapo sikusikia tena habari za gia wala utelezi. Nilimwona bibi maendeleo, mwanamke ambaye sikumjua hata urefu, ameketi pale nyuma, miguu yake imetulia kwenye vile vikanyagio, mikono yake imemshika mume wangu kiunoni kwa ajili ya usalama.

Basi nikawa mtetezi wa injini hamsini. Sikumtaja mwanamke yeyote. Nilitumia Azimio la Arusha. Nilimwambia taifa linabana matumizi, petroli inapatikana kwa kubembeleza, na ile hamsini inakunywa kidogo kama kuku. Nilimwambia wakulima wakimwona bwana shamba kwenye pikipiki kubwa watasema ubepari umerudi kwa magurudumu mawili. Nilimwambia kujitegemea kunaanzia nyumbani. Wiki nzima nilihutubia, na naamini katibu kata angenisikia angenipa kadi nyingine ya chama juu ya ile niliyokuwa nayo.

"Unajuaje habari za injini wewe?" akaniuliza siku moja.

"Sijui injini. Najua kiasi."

Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionitia hofu zaidi, kwa kuwa mtu mkali unasikia akiondoka. Mwishowe akasema twende wote dukani, nikaone mwenyewe. Nikavaa gauni langu la sikukuu. Sikwenda kuona. Nilikwenda kuhakikisha.

Duka lilikuwa na harufu ya mpira mpya. Pikipiki mbili zilisimama mbele kabisa, na nikiri ile kubwa ilikuwa nzuri, tangi jekundu, bomba la moshi limeinuliwa juu lisiguse maji. Ile ndogo iliegemea pembeni. Muuzaji alikuwa mzee mwenye miwani na koti la kaki, akatukaribisha kwa heshima, kisha akasugua mikono.

"Haya bwana, haya mama. Mnataka sisi ngapi?"

Sasa, msomaji wa leo anajua kwamba ukubwa wa injini hupimwa kwa herufi mbili za Kiingereza, cc, na zikitamkwa haraka zinatoka "sisi". Mimi sikujua. Nyumbani tulikuwa tunasema hamsini, tunasema mia na ishirini na tano, basi. Nilichosikia mimi ni mzee wa watu, hajatujua hata dakika, ananiuliza mbele ya mume wangu tuko wangapi katika ndoa hii. Tena ananiuliza kwa sarufi mbovu.

Damu ikanipanda.

"Sisi wawili!" nikasema, na sauti yangu ya darasani ikafika mpaka mlangoni. "Wawili tu, hakuna wa tatu. Na usiseme 'sisi ngapi'. Sisi ni watu. Unasema 'sisi wangapi'."

Mzee akanitazama juu ya miwani, akamtazama mume wangu, kisha akapigwa na nuru.

"Aa, mtapanda wawili! Mbona hukusema mapema, bwana? Wawili hamsini haiwawezi, mama. Mtafika kilimani itawakataa, na wewe utakaa wapi? Kwenye keria, kama gunia la mihogo?" Akaupigapiga mkono wa ile kubwa. "Wawili ni hii. Sisi mia na ishirini na tano."

Mume wangu alikuwa amegeukia ukutani. Mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Nilielewa polepole, kwanza neno, halafu mtego. Nikisema sasa nataka hamsini, ninasema kwa kinywa changu kwamba mume wangu asafiri peke yake na sisi si wawili. Nikisema kubwa, nimemnunulia yule mwanamke vikanyagio. Nilisimama pale kati ya injini mbili. Ndipo wivu, ambao si mjinga hata kidogo, ukaniambia: kiti kikiwepo, kikalie wewe.

"Hiyo kubwa," nikasema.

Na nilikikalia. Jumamosi alinipeleka Mlandizi sokoni, Jumapili Janga kwa mama, nikiwa nimeketi upande kama ilivyopasa mwalimu, kikapu mapajani. Ikawa mzaha wetu. Kila nikijiweka sawa nyuma yake aliuliza bila kugeuka, "Sisi ngapi?" Mimi namjibu, "Wawili," ndipo anaachia klachi. Majirani walitutolea macho na mimi niliwaachia watoe. Nilimsifu hata mama mkwe wangu miezi ile. Lakini siku za kazi nilikuwa darasani, jioni nikifundisha kisomo cha watu wazima, na pikipiki ilikwenda Kisarawe bila mimi. Ikirudi nilitoka na kitambaa kuifuta vumbi. Nilianza kila mara na kiti cha nyuma. Kilikuwa na vumbi siku zote, na vumbi hilo lilinifurahisha kuliko shada la maua, kwani mahali palipokaliwa hapana vumbi. Halafu nikajikumbusha kwamba toka Kisarawe mpaka Tumbi njia ni ndefu na vumbi halichoki. Basi furaha ikaisha.

Shule zilipofungwa Desemba nikamwambia wiki hii nakwenda naye.

"Njia mbaya kule," akasema.

"Si ulinunua injini ya njia mbaya?"

Asubuhi nikachagua kanga kwa uangalifu. Nilijitanda ile yenye maneno "Wangu ni wangu tu", nikahakikisha maandishi yamekaa katikati ya mgongo, yasomeke hata na mtu aliye mbali. "Sisi ngapi?" akauliza. "Wawili," nikajibu, tukaondoka.

Tulikwenda vizuri. Palikuwa na vichaka, mashamba ya mihogo, halafu mikorosho ikaanza, mizee, matawi yameshuka mpaka chini. Injini iliimba. Nilikuwa nimeanza kulegea, hata nimemlazia kichwa begani, tulipofika mbele ya kilima kimoja chenye mchanga mwekundu uliochimbwa na mvua. Pikipiki ilikuwa bado ina nguvu, haijalalamika hata kidogo, lakini yeye akaipunguza mwendo, akaweka mguu chini.

"Shuka kidogo," akasema. "Hapa huwa tunashuka."

Nikashuka. Nilishuka kwa sababu nimeambiwa, na nilikuwa nimesimama mchangani kabla maneno hayajaniingia. Nimefundisha viambishi maisha yangu yote. Mtu aliye peke yake husema nashuka. Tena mwendesha pikipiki aliye peke yake hashuki kabisa, anapanda kilima na injini yake kubwa aliyoililia. Anayeshuka ni abiria. Na "huwa" halisemwi kwa jambo lililotokea mara moja.

Yeye alikuwa ameshapanda, mchanga unaruka nyuma yake. Mimi nilipanda kwa miguu, viatu mkononi, kanga inanishuka mabegani. Nilikuwa sioni vizuri, na sababu haikuwa jua. Nilipomfikia juu nilimuuliza huwa wanashuka na nani.

"Ni namna ya kusema tu, Mwalimu."

"Namna ya kusema ndiyo kazi yangu," nikamwambia.

Nikapanda tena nyuma yake mpaka kijijini. Bibi maendeleo alitoka katika jengo la ofisi, lililoezekwa makuti, akaja anakimbia kidogo na mikono yote miwili mbele. Nilikuwa nimejiandaa kuchukia uzuri. Hakuwa mzuri. Alikuwa mfupi, amenizidi umri, ana mwanya, na kicheko chake kilimtangulia. Hapo nikaogopa kweli. Uzuri ningeuelewa, ningeusubiri uishe. Mwanamke yule ulikuwa ukimtazama tu unataka akuambie jambo.

"Karibu dada, karibu sana! Tumekusikia siku nyingi." Akaona viatu vyangu mkononi, akapiga makofi. "Amekushusha na wewe pale kilimani?"

Maneno yalipomtoka akayasikia. Kicheko kilibaki usoni lakini sauti haikuwepo. Mume wangu akaanza kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Na mimi," nikasema.

Akageuka upesi kwenda kuniletea uji, na mgongoni mwake nikasoma kanga yake: "Sisi sote abiria, dereva Mungu." Sikujua nicheke au nimrarue. Uji ulikuja kwenye bakuli la bati, wa moto, una karanga. Nilitaka uwe na mabonge. Nilitaka uwe umeungua. Ulikuwa mtamu kuliko wangu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilikunywa nikamaliza, nikashukuru, nikawaamkia wazee waliopita, shikamoo kwa kila mmoja, nikatazama mikorosho niliyoonyeshwa. Mtu asiyejua angesema mgeni mstaarabu.

Jua lilipogeuka tukaaga. Bibi maendeleo alisimama mlangoni, hakusogea. Mume wangu alipiga kiki, injini ikaitika mara moja, injini nzuri ile, haikuwahi kunidanganya. Mimi sikupanda. Nilisimama nimeshika kiti cha nyuma, na mkono wangu ulihisi ngozi ya kiti imelainika katikati.

"Panda twende," akasema.

"Sisi wangapi?" nikamuuliza.

Alitabasamu. Aliona nimeuleta mzaha wetu, na akaukimbilia kama mtu anayekimbilia kivuli. "Mia na ishirini na tano," akasema.

"Sikuuliza ngapi," nikamwambia. "Nimeuliza wangapi."

Akazima injini.