Kinu Hakisimami kwa Ajili ya Mkono

Mkono wangu wa kushoto uliingia kati ya roli, zile silinda zinazozunguka za mashine ya kubandika lebo, na mashine ikaendelea kuvuta. Nilipiga kelele kwa Kirundi. Mama Verna, niliyekuwa nikifanya naye kazi bega kwa bega, akarukia kamba ya dharura, ile ambayo ukiivuta laini nzima ya mashine husimama. Akaning'inia kwayo kwa uzito wake wote. Haikusogea, kwa maana ilikuwa imefungwa kwenye nguzo kwa tai za plastiki, zile za kukazia nyaya. Mpaka dereva wa foklifti akimbilie swichi kubwa ukutani, vidole vinne na nusu ya kiganja vilikuwa vimekwisha kusagwa.

Hiyo ndiyo siku niliyostaafu. Sasa niwaeleze ninyi vijana mnaoanza kazi, tulifikaje hapo.

Nimekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, shule niliishia darasa la nne, basi msinidai maneno makubwa. Kazi yangu ya kwanza Marekani ilikuwa Buffalo, kufua mashuka ya hospitali. Siku ya kwanza tu meneja wa zamu, mama mmoja mkali kama pilipili, alinifokea: "Kitu kikikwama, zima, tia kufuli, ndipo uguse!" Yaani unazima umeme, unaifunga swichi kwa kufuli yako mwenyewe, ufunguo mfukoni, halafu ndiyo unatia mkono. Nilimchukia yule mama. Leo namwombea. Kutoka hapo nikaenda Columbus, ghala la viatu. Baridi ilituua, lakini kamba zilikuwa wazi na mtu alivuta bila kuulizwa. Kisha tukahamia Louisville, nikapata kazi kiwanda cha kujaza pombe kwenye chupa, upande wa Okolona.

Pombe yenyewe ilikuwa ramu, na lebo yake ilikuwa na picha ya kinu cha upepo. Mama Verna alizaliwa kisiwa cha Saint Croix, huko Karibi, ramu inakotoka. Siku moja akaniuliza, "Unajua unabandika nini?"

"Kinu."

"Kinu cha miwa cha Wadenmark. Watu wangu walikufia humo."

Nikambishia. Wadenmark niliowajua mimi walikuja kambini na maturubai, wakatuchimbia visima. "Wale ni watu wema, mama."

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Kwenu walifika wamezeeka. Kwetu walifika na nguvu zao zote."

Akanieleza, nami nikasikiliza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Kando ya roli za kukamulia miwa liliwekwa shoka. Mtumwa akinaswa mkono, walikata mkono. Kusimamisha kinu ilikuwa hasara. Hata watumwa walipoinuka wakajipatia uhuru, Wadenmark walileta mikataba ya mwaka mzima: humwachi bwana wako mpaka msimu wa mikataba ufike tena. Watu walivumilia miaka thelathini hivi, kisha wakachoma mashamba. Mwishowe Denmark ikaiuzia Marekani visiwa vyote vitatu ilivyokuwa ikitawala huko.

"Na ninyi mkiwa ndani?"

"Kama boma linavyouzwa pamoja na kuku wake."

"Mliulizwa?"

"Baba, kuku huulizwa?"

Nilicheka siku ile. Baadaye akaja meneja mpya wa uzalishaji, Dale Hosket. Lebo zilikwama kila mara, tukivuta kamba ananuna. Supavaiza wetu alikuwa Josphat Kirwa, Mkenya aliyekuja kusoma akabaki. Huyo ndiye aliyetukusanya: "Wazee, kuanzia leo hakuna kuvuta kamba. Boss amesema line haisimami. Label ikikwama, toa na mkono, haraka haraka."

Nikamwambia, "Bwana Kirwa, Buffalo tulizima kwanza."

"Hii si Buffalo, mzee. Ukichoka, mlangoni kuna watu."

Akazifunga kamba yeye mwenyewe, sote tukimtazama. Mama Verna akasema kwa sauti, "Basi leteni na shoka kabisa." Kirwa akajifanya hakusikia.

Mkaguzi wa serikali alipokuja baada ya mkono wangu kusagwa, tai zilikuwa zimekatwa na kamba zinaning'inia vizuri. Wakubwa wakamwambia mimi ni mzembe. Hosket akapandishwa cheo. Kirwa tunasali naye kanisa moja. Kila Jumapili ananisalimu "Bwana asifiwe, mzee", ananishika mkono wa kulia, hatazami wa kushoto.

Sasa nafungiwa vifungo vya shati na binti yangu. Ninyi vijana, mkikuta kamba imefungwa, tokeni hapo, hata kama kodi ya nyumba inawangoja. Mimi sitoki kwenye jambo hili. Sitaki pole wala kuombewa.

Josphat Kirwa, simama mbele ya kanisa useme nani alikuamuru kuzifunga zile kamba, na nani alizikata tai kabla ya mkaguzi kuja. Dale Hosket, nawe uje, huyo huyo Kirwa atakutafsiria. Waliowakata mikono watu wa Mama Verna walikufa bila kuulizwa neno. Ninyi mko hai, na nyumba zenu nazijua. Jibuni.