Desturi ya Kuinama Chini ya Mbavu ya Boti

Binti yangu alichumbiwa chini ya mbavu ya boti. Wacha kucheka, nitakueleza.

Hii ni 2006, huko kwetu Waithaka. Maji ya karibu ni ya tenki, na mimi najenga boti ya kupeleka ziwa la Naivasha. Diploma yangu ya useremala haikuniletea akili, iliniletea ujasiri.

Sasa, mbavu ya boti haikatwi, inakunjwa. Unachukua mbao nyembamba za saiprasi, unazipiga mvuke hadi zilegee kama chapati. Unapaka gluu, unazilaza moja juu ya nyingine, unazikunja pamoja, unafunga na raba za blada, zile za tyubu ya gurudumu, mpaka zikauke.

Nilikosa pa kukunjia, nikatumia meza ya sitting room. Mguu mmoja wa mbavu upande huu wa meza, mwingine ule, katikati debe la kushikilia.

Asubuhi nikatoa debe. Upinde umesimama safi, hadi nikajipigia makofi.

Nikauvuta.

Ukakuja na meza.

Gluu ilikuwa imedondoka, na nilisahau kuweka nailoni chini. Mbavu na meza zikawa mwili mmoja.

Na siku hiyo ndio watu wa Kisilu, kijana wa kuoa Becky, walikuwa wanatoka Machakos kuja tujuane. Becky alituomba kitu moja tu: tusimwaibishe.

"Baba Becky, chukua msumeno," bibi yangu Waceke akaniambia.

"Nikate mbavu?"

"Kata chenye unataka. Lakini hiyo meza ni ya mamangu."

Kabla nikate chochote, wageni wako kwa gate. Waceke akarusha kitambaa cha sofa juu ya upinde, akachomeka maua.

Shangazi ya Kisilu, Syokimau, ndiye aliingia kwanza na kiondo. Akauangalia ule upinde. Akainamisha kichwa polepole, akapitisha sukari ya zawadi chini yake kwa mikono miwili.

Wenzake wote wakafuata.

Ndugu yangu mkubwa Gerishon, msemaji wetu, akaninong'oneza, "Kumbe Wakamba wako na hii desturi? Si ungeniambia mapema."

Kabla nijibu, ameshapitisha kikombe ya chai hapo chini, ameinama kama askofu.

Hakuna chapati ilifika mdomo wa mtu bila kupita chini ya boti. Becky ananiangalia, mimi naangalia dari. Mazungumzo yakaisha bila mtu kupandisha sauti.

Tuliporudisha mguu Machakos, tukapata upinde wa mbao mlangoni, umefungwa leso. Ukoo mzima tukainama.

Babake Kisilu, Mzee Mwololo, akanivuta nyuma ya nyumba. Hapo kuna rundo la mbao zimevunjika.

"Mzee mwenzangu, desturi yenu tunaheshimu. Lakini nyinyi Wakikuyu hukunja hii kitu aje? Nimemaliza miti."

Nikamwambia ukweli wote, boti na gluu.

Alicheka mpaka akakalia zile mbao. Kisha akafuta machozi, akanishika bega.

"Usiambie mtu," akasema. "Jirani wawili wako na harusi Disemba, na wameshaniagiza nikunje zao."

Mimi nilijifunza hivi: watu wakiamua kupendana, heshima haingoji ieleweke. Wewe inama tu.