Dozi ya Kitanda cha Kwanza

Jumanne, tarehe kumi na tisa, saa nne asubuhi, mke wangu alichomwa dozi ya mtu wa kilo mia na ishirini.

Yeye alikuwa na kilo arobaini na nane.

Kufika saa saba nikawa mgane.

Mimi shule niliishia darasa la tano. Nafagia ofisi. Kichwa kilikuwa cha mke wangu. Alikaa ghorofani, jengo hilohilo, na wenzake wakitengeneza lugha ya kompyuta. Kazi yake safu za namba: unazipanga kwenye mstari, mashine inazidisha mstari mzima kwa mstari mwingine, kwa mkupuo.

Ugomvi ukaja. Mstari mmoja ukiwa na namba kumi na mwingine sita, mashine ifanye nini?

"Igome," mke wangu akasema. "Iseme hailingani."

Bosi, tunamwita Kipara, akacheka. "Mama, wateja wanachukia kelele. Mfupi ukiisha, urudie mwanzo. Kimyakimya."

"Utaua mtu, bosi."

"Kwa kuzidisha? Acha uchuro."

Ikapita ya Kipara.

Miaka miwili baadaye mke wangu akalazwa kitanda cha saba. Hospitali ile ilikuwa ikipiga hesabu za dawa kwa lugha hiyohiyo. Wagonjwa kumi. Mizani ikafa baada ya mtu wa sita, na waliobaki hawakupimwa: mstari wa dawa namba kumi, wa kilo sita.

Mashine ilipofika kwa wa saba ikarudi mwanzo, ikambebesha kilo za jitu la kitanda cha kwanza. Haikukohoa hata kidogo.

Baada ya maziko nikapanda kwa Kipara. "Umeniulia mke!"

Hata hakusimama. Akavuta faili, akanisomea:

"'Mtumiaji wa kawaida aliulizwa. Akataka mashine inyamaze.' Unamjua huyo?"

Nilimjua. Ni mimi.

Siku ya kikao cha ugomvi ule nilikuwa nafuta meza. Kipara akaniita, "Mzee wa ufagio, hesabu isipolingana, mashine ikupigie kelele au inyamaze?"

Nami, mjinga, nikataka kuwachekesha wakubwa.

"Inyamaze, bosi. Kelele za nyumbani zinanitosha!"

Walicheka hadi machozi. Mke wangu aliinamisha uso.

Ndugu yangu unayesoma, mkubwa akikuomba maoni mbele za watu, jua anatafuta wa kubebeshwa mzigo.

Lugha ile bado inauzwa, bado inanyamaza. Nami bado nafagia pale, nitakula wapi? Kila nikimkuta Kipara kwenye ngazi namuuliza:

"Bosi, ningesema ipige kelele, mngeandika?"