Kiti cha Mgeni Msibani

Siku tuliyomzika mama, jirani yetu Mhindi alipofika, vijana walimkimbilia na kiti. Wakakiweka peke yake mbele ya turubai, na soda kando yake. Wanawake wenzake wote tulikuwa ndani, kwenye mikeka.

Huyo alizaliwa hapahapa Singida mjini. Kinyaturu anakijua kuwashinda wanangu. Yeye na mama walipakana ukuta tangu nikiwa shule ya msingi, wakagombana na kupatana mara ngapi sijui. Leo anapokelewa kama mkaguzi! Nilikereka, maana heshima ile ilikuwa ya kumweka mbali tu.

Hakukaa. Alivua viatu mlangoni, akajifunga kanga vizuri, akaingia.

"Shikamoo dada," akamwambia shangazi yangu aliyeketi pembeni yangu.

"Marahaba. Kiti chako kipo nje."

"Nimekuja kulia na wenzangu."

"Wenzako?" Shangazi hakupandisha sauti. "Kile kikombe cha bati cha wafanyakazi, pale dukani kwenu, bado kipo?"

Vilio vikakatika. Wote mle ndani tulikijua kikombe hicho, kinachotundikwa kwenye msumari, mbali na vikombe vya wenye duka. Mama naye alikijua, na sikuwahi kumsikia akikitaja.

Niliomba akane. Angekana tungejifanya tumeamini, yakaisha.

"Kipo," akasema. "Nilikikuta nilipoolewa, nikakiacha."

"Anayekinywea ni mwanangu."

Ni kweli, binti wa shangazi anauza pale. Jirani alisimama machozi yakimtoka, hajui aingie au atoke. Nilimkasirikia kwa kikombe kile, nikamkasirikia na shangazi kwa kuyaleta hayo wakati mama hajatolewa ndani. Lakini niliona kwamba akirudi kwenye kile kiti, basi imekwisha: yeye kule, sisi huku, na binti yetu ataendelea kunywea bati.

Nikasogea, nafasi ikapatikana kati yangu na shangazi. "Keti hapa, mama mdogo."

Akaketi. Shangazi hakuhama, wala hakumpa mkono. Tulibanana watatu, magoti yakigusana.

"Kesho nitapita dukani," shangazi akamwambia, bila kumtazama. "Nitaomba maji ya kunywa."