Pleti ya Kukula

Meno ya juu ya mwanangu yalitangulia mdomo. Shuleni walimwita sungura, akaanza kucheka huku amefunika mdomo kwa kiganja, na baadaye akaacha kucheka kabisa. Mimi ni askari, mambo ya kubembelezana hayanipati, lakini hilo liliniuma. Nikauliza huku na huku hadi nikaelekezwa kwa daktari wa meno Mkongo, mwenye kliniki ndogo Kisenyi, juu ya duka la vipuri vya magari. Alimpima mtoto, akasema hakuna haja ya waya za kugandishwa kwenye meno. Angemtengenezea pleti: kipande cha plastiki cha rangi ya waridi kinachokaa kwenye kaakaa, chenye vikulabu vya kushika magego na waya wa kurudisha meno ya mbele nyuma. Mtu anaivaa na kuivua mwenyewe.

Siku ya kuvalishwa pleti nilikuwa zamu Luzira, na baba yake yuko kazini kaskazini. Mama mkwe wangu akampeleka. Siku za shule mtoto huishi kwake Kisugu, na humwita jaja, kama Waganda wanavyowaita bibi zao. Mimi nimezaliwa katika kambi ya askari, Kiswahili ndicho nilichonyonya. Mama mkwe amekiokota sokoni kwa wachuuzi, na kwa muda mrefu alikiogopa kama lugha ya watu wenye bunduki. Daktari naye Kiganda hajui hata cha salamu. Jioni mama mkwe akanipigia simu, sauti imejaa ushindi.

"Nimeongea na daktari mwenyewe, Kiswahili tupu! Nimeelewa yote."

Nikamshukuru kwa moyo wote. Tuliambiwa turudi baada ya mwezi. Tuliporudi tukakuta mlango umefungwa. Daktari alikuwa amekwenda kwao kwenye matanga, na jirani hakujua atarudi lini. Daktari mwingine niliyemwendea alisema hagusi kazi ya mwenzake. Basi tukangoja.

Jumapili moja nilikwenda Kisugu, mtoto akaniegemea kuninong'oneza jambo, na harufu ikanipiga usoni. Nikamwambia apige mswaki. Jumapili iliyofuata ilikuwa mbaya zaidi, nikafoka mbele ya watu kwamba msichana mzima hanuki mdomo namna hiyo. Akajibu kwa upole, "Ninapiga mswaki, Mama." Jaja yake akamtetea: asubuhi na jioni, yeye mwenyewe anamsimamia. Nikanunua dawa ya meno kali kuliko ile ya kwanza. Mtoto akasugua mpaka mate yakawa mekundu. Mezani alikula matoke na mchuzi wa karanga, pleti iko mdomoni, na mimi sikushtuka, maana nilidhani ndivyo inavyovaliwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha mwanangu kilikuwa kinywani, na mimi nilikuwa ninamkaripia yeye.

Muhula ulipokaribia kwisha akaanza kutafuna upande mmoja, na chai ya moto akaikataa. Bahati nzuri daktari alikuwa amerudi. Tukaenda wote watatu.

Daktari alipoivua ile pleti, aligeuza uso kwanza. Chini yake kaakaa lilikuwa jekundu kama nyama mbichi, umbo lile lile la pleti, na juu yake utando mweupe. Ufizi ulikuwa umevimba, ukitoka damu bila kuguswa. Pale vikulabu vilipokumbatia magego, meno yalikuwa yameoza shingoni, karibu na ufizi. Hayo si meno ya utoto ya kung'oka na kuota mengine. Nilimtazama mwanangu na mdomo wazi vile, nikaogopa kama sijawahi kuogopa kazini.

"Mama, hii hakuwa anatoa?" daktari akamuuliza mama mkwe.

"Atoe vipi? Wewe si umesema asitoe?"

"Mimi? Nilisema, wakati ya kukula, atoe! Akishakukula, asafishe, arudishe!"

"Naye huyu bado hajakula, daktari," mama mkwe akasema kwa adabu kabisa. "Si unamwona? Bado mtoto."

Mimi ndiye niliyeelewa kwanza, kwa kuwa lugha zote mbili zimo kichwani mwangu. Kukula kwa Mkongo ni kula chakula. Kukula kwa Mganda ni kukua, kuwa mtu mzima. Mama mkwe alikuwa amemlinda mjukuu wake miezi yote hiyo asiivue pleti mpaka awe mwanamke. Kila mtoto alipoigusa, alimpiga kikofi mkononi. Nilipomweleza, aliketi kwenye kiti cha wagonjwa, akashika kichwa. Hasira niliyokuja nayo ilitafuta pa kushukia, ikakosa.

Gego moja lilizibwa. La pili uozo ulikuwa umefika kwenye mshipa, likang'olewa siku ile ile. Pleti ikawekwa kando mpaka mdomo upone, na daktari hakutuficha kwamba meno ya mbele yataanza kurudi yalikotoka.

Mama mkwe akashuka chini kutafuta maji baridi. Tukabaki wawili kwenye ngazi, mtoto amebana pamba kwenye pengo. Ndipo likanijia jambo lililopaswa kunijia mapema. Mtoto huyu nimemlea kwa Kiswahili changu, na Kiganda amekinywa kwa jaja yake. Na siku ya kuvalishwa pleti alikuwamo chumbani.

"Wewe ulimsikiaje daktari?"

"Nilisikia kula," akasema kupitia pamba.

"Tangu siku ile?"

Akaitikia kwa kichwa. Tunawaambia watoto asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu alisikia, na gego lake lilikuwa ndani ya beseni la daktari.

"Sasa mbona hukumwambia, mwanangu? Mbona hata mimi hukuniambia?"

"Jaja alikuwa amefurahi, Mama. Njia nzima alikuwa anasema ameelewa peke yake."

Nikasikia hatua za mama mkwe zikipanda taratibu. Mtoto akanishika mkono kwa nguvu.

"Usimwambie kwamba nilijua."