Pua ya Don Nicanor

Katika gulio la magari la El Alto, mji ulio juu milimani, linalofanyika kila Jumapili kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya reli ya zamani, palikuwa na watu wa kuuza, watu wa kununua, na Nicanor Tarqui. Hakuwa na gari la kuuza wala hakuwahi kununua. Alisimama pembeni karibu na mama muuza mikate, mikono mifukoni, kofia ya sufi imeshuka hadi kwenye nyusi, akisubiri mtu aje kumwambia, "Don Nica, tafadhali, njoo uniangalizie gari moja."

Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na thelathini ya hiyo alikuwa fundi wa injini. Magari aliyoitiwa yalikuwa ya aina moja: madogo, ya bei ndogo, yenye kula mafuta kidogo, yaliyokwisha kutembea kilomita laki mbili na nusu kwenye nchi nyingine kabla ya kuvuka milima, usukani ukahamishwa kutoka kulia kwenda kushoto, na mita ya kilomita ikarudishwa nyuma na watu wenye vidole vyepesi. Nicanor hakuhangaika na mita. Aliangalia mpira wa pedali ya klachi. "Mita inasema elfu themanini," alikuwa akimwambia muuzaji kwa upole, "lakini mguu uliokula huu mpira ulikuwa na safari ndefu kidogo." Watu walicheka, na bei ikaanza kushuka.

Alipitisha kiganja chini ya milango akitafuta puti iliyopakwa kuficha kutu. Alilitikisa gari kila kona asikie shokapu zinasemaje. Aliuliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, na muuzaji akisita, alihesabu kuwa haujabadilishwa. Zaidi ya yote alikuwa na sharti moja ambalo gulio zima lililijua: injini aikute baridi. Akiweka mkono juu ya boneti na kuhisi joto, aliondoka, akaenda kunywa kitu, akarudi baada ya saa mbili. Injini iliyopashwa moto kabla mnunuzi hajafika, alisema, ni kama mgonjwa aliyepakwa poda.

Lakini sifa yake kubwa ilikuwa pua. Aliinama nyuma ya gari, akavuta moshi wa ekzosi kidogo kama mtu anayeonja supu, akasema: linakula oili, au, linaunguza mafuta vibaya, au, maji ya rejeta yanaingia ndani ya silinda. Hakukosea. Wauzaji walimchukia na walimheshimu.

Miaka miwili kabla ya mambo haya, Nicanor aliugua mafua makali yaliyomlaza wiki tatu. Alipopona, siku ya kwanza karakanani, alifungua pipa la petroli na hakusikia harufu yoyote. Alidhani pipa ni tupu. Aliingiza mkono, ukatoka umelowa.

Hakumwambia mtu. Alijiambia itarudi. Alipokwenda gulioni Jumapili iliyofuata aliinama nyuma ya gari kama siku zote, akavuta pumzi kwa sauti ili isikike, akafumba macho kidogo, halafu akatoa hukumu kwa kutumia macho, masikio na mazoea. Alipatia. Jumapili nyingine akapatia tena. Kila alipopatia, kusema ukweli kukawa kugumu zaidi, kwa sababu sasa ilimbidi aeleze pia kwa nini aliinama.

Mtu aliyekuja kumwita Jumapili ile baada ya Kanivali alikuwa Doña Primitiva Limachi. Huyu aliuza api, kinywaji cha moto cha mahindi ya zambarau, kila alfajiri kwenye kona ya mtaa wao. Nicanor ndiye aliyemsimamia bintiye Yola siku ya ubatizo, kwa hiyo wao wawili waliitana kompadre na komadre, na Yola alimwita padrino. Yola alikuwa na miaka ishirini na sita, leseni yake mfukoni, na ahadi ya chama cha madereva cha njia ya kwenda mjini chini kwamba akileta gari atajaribiwa mwezi mmoja. Kilichokosekana ni gari.

"Kompadre, twende haraka," alisema Doña Primitiva, pochi ameificha ndani ya shali. "Tumeliona jeupe, zuri. Kuna mwanamume mwingine analizungukazunguka kama nzi."

Gari lilikuwa limepambwa kama magari yote juma lile. Watu walikuwa wamefanya challa: walikuwa wamemwagia nyumba, meza za biashara na injini zao bia na pombe kali, wakatupa petali na karatasi za rangi, ili Pachamama, mama wa ardhi, anywe kwanza na aende nao mwaka mzima vizuri. Utepe wa karatasi ulikuwa umezungushwa kwenye vioo. Muuzaji, kijana mnene mwenye koti la ngozi, alikuwa bado ameshika chupa ya bia.

"Karibu Don Nicanor! Nimelifanyia challa tena leo asubuhi, nikasema Don Nicanor akija akute limevaa."

Nicanor aliweka mkono juu ya boneti. Lilikuwa la moto.

"Litulie kwanza," alisema. "Nitarudi."

"Saa mbili?" Muuzaji aliwageukia watu. "Jamani, zamani pua hii ilikuwa inanusa gari likiwa bado linakuja barabarani! Sasa inataka mapumziko. Don Nica, umezeeka au una mafua?"

Watu wakacheka. Kilikuwa kicheko cha kawaida cha gulioni, hakikuwa na ubaya. Lakini neno lile, mafua, lilimchoma Nicanor mahali alipopaficha kwa miaka miwili, na damu ikampanda usoni. Alihisi kama wote wanajua.

"Fungua boneti," alisema.

Ndani kulikuwa na petali nyekundu zimeganda kila mahali. Pale ambapo kichwa cha injini hukutana na mwili wake palikuwa na mstari wa unyevunyevu, na petali mbili tatu zimenasa juu yake. Siku nyingine angefuta kwa kitambaa, aangalie kama unyevu utarudi. Lakini haifutwi bia iliyomwagwa kwa ajili ya Pachamama. Ni kama kumpokonya mgeni kikombe mdomoni. Akagusa kwa kidole, akakileta puani. Unyevu ule ungeweza kuwa bia. Ungeweza kuwa chochote. Rejeta haikufunguka kwa sababu ya joto. Ekzosi ilitoa moshi mweupe, lakini katika baridi ya asubuhi, juu kule mita elfu nne, hata basi jipya hutoa moshi mweupe. Akaenda nyuma. Akainama. Akavuta pumzi kwa sauti.

Yola alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, mikono ameifumbata kifuani, anamtazama kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Safi," alisema Nicanor. "Linafaa."

Yola alimrukia akamkumbatia. Mchana ule ule walimfanya padrino wa gari pia. Alifunga maua kwenye taa, akavunja chupa kwenye gurudumu la mbele, na Doña Primitiva akalia kidogo, akasema ni moshi wa ubani.

Siku ya kumi na moja, kwenye mpando mrefu wa kutoka mjini, likiwa na abiria wanne, gari lilichemka. Yola alisimama mvuke ukitoka kila upande, na abiria wakashuka wakidai nauli yao. Lilivutwa kwa kamba hadi karakana ya Nicanor. Madereva watano wa chama walikuja nyuma yake na mikono mifukoni, na Doña Primitiva akaja na aproni yake bado kiunoni.

Nicanor alifungua kichwa cha injini. Gasketi, ile pedi inayozuia maji yasiingie kwenye silinda, ilikuwa imeliwa, na si siku hiyo. Kutu ilikuwa ya zamani. Ndani ya rejeta alikuta tope la ile dawa ya unga wanayotia watu ili kuziba uvujaji mpaka gari liuzike. Alilikusanya lile tope kwa kidole, akalifuta kwenye suruali yake kabla mtu hajaliona.

"Hakutia maji," alisema Don Severo Calisaya, mwenyekiti wa chama. "Anashinda na kioo chake cha kupaka rangi ya midomo. Nilisema."

"Nilitia maji kila asubuhi!" Yola alipaza sauti. "Kila asubuhi, na kila asubuhi yalikuwa yamepungua! Padrino, waambie!"

Wote wakamgeukia Nicanor. Bisibisi ilikuwa mkononi. Ulikuwa wakati mfupi tu, na maneno yalikuwa tayari mdomoni, lakini alimwona Severo, akaona nyuso za watu ambao kila Jumapili wangekuwa wanampita bila kumwita.

"Injini bila maji hufa," alisema.

Ilikuwa kweli. Kila neno lake lilikuwa kweli. Doña Primitiva aligeuka akampiga bintiye kofi mbele ya wanaume watano. Yola hakulia. Alimtazama padrino wake, si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kusoma maandishi yaliyofutika. Kisha akaondoka. Chama kikasema Alhamisi kitakaa kuamua kama nafasi yake apewe mtu mwingine.

Siku zile Nicanor alikula amesimama. Mkewe alikuwa amefariki zamani, hakuwa na wa kumuuliza ana nini. Kila alipofumba macho alisikia lile kofi. Masikio yake, kwa bahati mbaya, yalikuwa mazima.

Jumatano alfajiri Doña Primitiva alimletea karakanani kikombe cha api na andazi la jibini.

"Nimekuja kukushukuru, kompadre," alisema. "Ungeweza kumfokea mbele za watu. Ulimstahi. Mimi ndiye niliyeshindwa kujizuia."

Nicanor alikishika kikombe kwa mikono miwili. Alihisi joto, basi. Ilibidi aseme kitu.

"Karafuu leo umeipatia, komadre."

 Doña Primitiva alikuwa ameinama kuokota kapu lake, akabaki hivyo hivyo, mkono kwenye mpini.

"Karafuu imeniishia tangu Jumapili," alisema. "Leo sikutia karafuu. Wala mdalasini."

Alimtazama. Kisha akatazama kile kichwa cha injini kilicholala juu ya meza, kisha pua ya Nicanor, kisha akatazama chini. Nicanor angeweza kusema wakati ule. Mlango ulikuwa wazi. Alikunywa api yote kwa mkupuo, ikamuunguza koo, akasema, "Ahsante." Yule mama alichukua kikombe chake kitupu akaenda, bila kuaga, jambo lisilo desturi yake.

Alhamisi mchana madereva ishirini na wawili walikaa kwenye mabenchi ya ofisi yao. Yola alikaa peke yake benchi la mbele. Mama yake alisimama mlangoni. Don Severo hakupoteza muda: gari lililouawa kwa uzembe ni aibu ya chama, alisema, na mwenye neno alitoe sasa. Nicanor alikuwa nyuma kabisa. Doña Primitiva aligeuza kichwa, akamtafuta, akampata, na hakuondoa macho.

Nicanor alisimama. Alishika bega la mtu aliyekaa mbele yake.

"Gari lilikuwa bovu tangu gulioni," alisema. "Gasketi ilikwisha zamani. Lilikuwa limetiwa dawa ya kuziba. Mtoto alitia maji. Mimi ndiye niliyesema linafaa."

"Wewe?" Severo alicheka. "Don Nica, usijitoe mhanga kwa sababu ni binti yako wa ubatizo. Pua ile haidanganyiki."

"Sina pua. Miaka miwili sasa. Sinusi kitu."

Ikaanza minong'ono, halafu dereva mmoja mcheshi akachomoa kichupa cha pombe kali kutoka kwenye koti, akakizibua, akakipitisha chini ya pua ya Nicanor. "Haya, maestro, fumba macho. Nini hii?"

Nicanor alifumba macho. Angeweza kubahatisha, mtu yule hakuwahi kubeba kitu kingine. Lakini alikuwa amebahatisha vya kutosha.

"Sijui," alisema.

Kicheko kilipasuka chumba kizima. "Na wewe ulininusia langu mwaka jana!" mmoja alipiga kelele. "Ndiyo maana linakunywa oili kama askari!" Mwingine akauliza kama kule nyuma ya magari alikuwa anainama kusali. Nicanor alisimama mpaka walipochoka, uso unawaka, kofia mkononi. Don Severo alikohoa, akasema nafasi ya binti inabaki ikingoja gari, akaahirisha kikao haraka, kama mtu anayefunika chungu.

Nje, Yola alimngojea.

"Mama alinipiga mbele yako," alisema. "Ulikuwa na bisibisi mkononi. Nakumbuka hata rangi yake."

"Nitalitengeneza. Kichwa kipya, gasketi mpya. Gharama ni yangu."

"Nitakuwepo. Kila bolti nitaiona kwa macho yangu."

Alikuwepo. Kwa siku nne alikaa juu ya tairi kuukuu, hakumwita padrino, hakumwita chochote. Alishika taa pale alipoambiwa. Siku ya kwanza, kabla hajaanza kazi, Nicanor alimwaga mabaki ya maji ya rejeta kwenye beseni, na kwa mazoea ya miaka thelathini akainama juu yake, akavuta pumzi kwa sauti. Alipogundua anachofanya, aliinuka taratibu, akasogea pembeni.

Yola alikuja akainama mahali pake.

"Inanukaje?" aliuliza Nicanor.

"Tamu. Kama sukari iliyoungua." Alibaki ameinama, misuko yake miwili ya nywele ikining'inia juu ya beseni. "Na siku ile gulioni, moshi ulinuka hivi hivi?"

"Lazima."

Yola alijifuta mikono kwenye sketi, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Nilikuwa nimesimama pale pale," alisema. "Ungeniambia ninuse, ningenusa."